Sifa za kujiunga na kozi ya ushauri wa uhamiaji Kanada: zinasema nini na hazisemi nini

Siku hizi kuna sentensi inazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Kanada, na ya wanaotamani kwenda huko: "Nimeshatimiza vigezo vya kuwa mshauri wa uhamiaji." Ukimwomba msemaji akuonyeshe hivyo vigezo, anakutolea barua ya chuo kwamba amekubaliwa kuanza kozi ya mtandaoni. Barua ni halali, na hongera zake. Ila haisemi anachodhani inasema.

Maana kwanza, tena haraka. Sifa za kujiunga ni masharti ambayo chuo kinataka uwe umeyatimiza kabla hakijakupa nafasi ya kusoma. Basi. Hazigusi kufanya kazi, hazigusi kulipwa, wala hazigusi kuishi Kanada. Na kutimiza kiwango cha chini hakukupi nafasi moja kwa moja. Kunakuruhusu tu kuhesabiwa miongoni mwa waombaji.

Kozi yenyewe ni hii. Tangu 2021, anayetaka kuingia kwenye taaluma hii kwa Kiingereza husoma Graduate Diploma in Immigration and Citizenship Law ya Queen's University, chuo kilichoko Kingston, Ontario, chini ya kitivo chake cha sheria. Wa Kifaransa wana ya kwao Université de Montréal. Ile ya Queen's hufundishwa mtandaoni, na unaweza kuisoma mfululizo au kidogo kidogo huku ukiendelea na kazi yako. Sharti lake kubwa ni shahada ya kwanza kutoka chuo kikuu kinachotambulika, na si lazima iwe ya sheria. Aliyesoma uhasibu, aliyesoma ualimu na aliyesoma uuguzi wote wanapita mlango mmoja. Sharti la pili ni kuthibitisha Kiingereza chako. Mengine ni makaratasi: transkripti, fomu, ada ya maombi, na kwa aliyesoma nje ya Kanada, tathmini ya kuonyesha shahada yake inalingana na ipi ya kule.

Hapo kwenye diploma ndipo watu wanapoanza kujikwaa. Wengi wetu tumezoea kwamba diploma ni ngazi iliyo chini ya shahada, kwa hiyo mwenye stashahada anaona jina la kozi na kusema, "Hii saizi yangu." Si saizi yake. Diploma hii inakaa juu ya shahada ya kwanza, na anayeiomba bila shahada anapoteza ada ya maombi bure. Kosa hili linalishwa pia na taarifa za zamani. Kabla ya 2021 kulikuwa na vyuo kadhaa Kanada, vya umma na vya binafsi, vilivyotoa cheti cha ushauri wa uhamiaji, vingine mtandaoni vilevile, na kila chuo kilikuwa na masharti yake. Njia hiyo ilifungwa ilipokuja hii ya sasa. Kurasa zake bado zimejaa intaneti, na kuna mtu kila wiki anaibandika mojawapo kwenye kundi kama vile imetoka jana.

Kwenye Kiingereza nako kuna mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Mtihani wa IELTS una sura mbili: Academic na General Training. Wale waliopata ukaazi wa kudumu kwa Express Entry, yaani mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi, na kuchagua IELTS walifanya General Training, kwa sababu ndiyo inayopokelewa na idara ya uhamiaji kwa maombi hayo. Vyuo vikuu kwa kawaida vinataka Academic. Kusikiliza na kuzungumza ni kulekule. Tofauti iko kwenye kusoma na kuandika. General Training itakupa barua ya kuandika, sema ya kumlalamikia mwenye nyumba, wakati Academic inakupa grafu au jedwali na kukutaka ueleze linaonyesha nini. Mtu ana matokeo mazuri ya General, anayatuma, yanarudishwa, anaanza kusema chuo kina ubaguzi. Hakuna ubaguzi hapo, katuma mtihani mwingine. Halafu matokeo ya IELTS huhesabika kuwa hai kwa miaka 2, kwa hiyo yale uliyofanya wakati wa kuomba ukaazi huenda yameshakufa hata kama yalikuwa ya sura inayotakiwa.

Tathmini ya vyeti ina ugonjwa uleule. Ripoti uliyofanyiwa kwa ajili ya uhamiaji inaiambia serikali kwamba shahada yako ni sawa na shahada ya Kanada, ikaishia hapo. Chuo kinaweza kutaka inayoingia ndani zaidi, somo kwa somo na alama zake. Soma wanachotaka kabla hujalipia.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi hasa.

Chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji Kanada kinaitwa College of Immigration and Citizenship Consultants. Jina hilo limepoteza watu wengi, na siwalaumu kabisa. Ukisikia "college" unafikiria mahali penye walimu, muhula na mitihani ya muhula. Kumbe College hii si mahali pa kwenda kusomea taaluma hii. Ni chombo cha kisheria kinachotoa leseni, kinachoweka maadili ya kazi, kinachopokea malalamiko na kinachowaadhibu washauri wanaokiuka. Kwa Kanada hilo si jambo geni: wauguzi wa Ontario wanasimamiwa na College of Nurses of Ontario, madaktari wa mkoa huohuo wana College of Physicians and Surgeons of Ontario, na hakuna anayekwenda huko kusomea uuguzi wala udaktari. Matumizi haya yametoka kwenye Kilatini, collegium, yaani kundi la watu wa kazi moja wanaojisimamia pamoja. Maana ya shule ilikuja kukua pembeni yake hadi ikaifunika ile ya mwanzo, lakini kwenye sheria za taaluma ile ya mwanzo haijafa.

Kwa hiyo mtu anasikia "College ina masharti haya na haya", anayachukua yote, anayachanganya na ya Queen's, anatengeneza orodha moja ndefu na kuiita "vigezo vya kujiunga". Orodha hiyo ndiyo inayosambazwa. Ndani yake utakuta shahada ya kwanza imekaa sambamba na ukaazi wa kudumu, IELTS sambamba na bima ya kazi, kana kwamba vyote vinadaiwa siku moja kwenye dirisha moja.

Tuvitenganishe. Chuo kinataka shahada, lugha na makaratasi yake. College inakuja baadaye, ukishahitimu, na ina ya kwake. Inataka uwe na umri usiopungua miaka 18. Inataka uwe raia wa Kanada, au mkaazi wa kudumu, au mtu wa jamii za asili za Kanada aliyesajiliwa chini ya sheria iitwayo Indian Act. Inataka ufaulu mtihani wake wa kuingia kazini, unaojulikana kwa kifupi EPE, ambao ni wa maswali ya kuchagua jibu, na hautungwi wala kusahihishwa na mwalimu aliyekufundisha. Inachunguza mwenendo wako, pamoja na rekodi ya polisi. Inataka bima ya kukinga wateja endapo utawaharibia. Na inataka ada yake, tofauti na uliyolipa chuoni. Aliyejiandikisha shule ya udereva hajapewa leseni ya udereva, na askari wa barabarani haulizi ulisoma shule gani.

Hata leseni yenyewe si moja. Kuna ya RCIC, yaani mshauri wa uhamiaji mwenye leseni, inayokuruhusu kushughulikia maombi ya viza, ukaazi na uraia, na kuna ya juu yake, RCIC-IRB, inayokuruhusu pia kumwakilisha mteja mbele ya Immigration and Refugee Board, kile chombo kinachosikiliza madai ya ukimbizi, rufaa za uhamiaji na mambo ya kuzuiliwa. Mwenye ile ya kwanza akikuahidi kukutetea kwenye kesi yako ya ukimbizi mbele ya bodi, anaahidi kitu ambacho hana.

Huo utenganisho una uzito kwa sababu ya kifungu cha 91 cha sheria ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi ya Kanada, ile ya 2001. Kifungu hicho kinakataza mtu yeyote kumshauri au kumwakilisha mwingine kwa malipo kwenye mambo ya uhamiaji, isipokuwa awe mwanasheria au mwanachama mwingine wa chama cha wanasheria cha mkoa, mthibitishaji wa Chambre des notaires ya Quebec, au mwenye leseni ya College. Mwanafunzi wa Graduate Diploma hamo. Waliosamehewa kwa jina la wanafunzi ni wale wa uanasheria walio chini ya usimamizi wa wakili, si huyu wetu wa kozi ya mtandaoni. Adhabu yake inaweza kuwa faini kubwa au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili.

Neno la kushika hapo ni malipo. Dada yako akikusaidia kujaza fomu bure mezani kwake, hajavunja sheria. Akichukua dola 50 za "usumbufu", mambo yamebadilika, na haimsaidii kusema hakuchukua fedha taslimu bali alifanyiwa kazi fulani kama shukrani. Ndiyo maana huwa nashtuka nikiona mtu wa muhula wa kwanza ameshaandika kwenye wasifu wake "Immigration Consultant" na namba ya simu chini yake. Yeye anadhani anajitangaza, kumbe anajitolea ushahidi.

Ukali huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeyote Kanada aliweza kujiita mshauri wa uhamiaji. Kikaundwa chombo cha kwanza cha kujisimamia, CSIC, kikalalamikiwa, na 2011 nafasi yake ikachukuliwa na ICCRC. Nacho kikalalamikiwa. Bunge likapitisha sheria ya kuunda College mwaka 2019, na College ikafungua milango Novemba 2021. Kupanda kwa masharti ya kozi hadi ngazi ya juu ya shahada kumekuja katika wimbi hilohilo. Waliokuwa wakiumizwa ni wageni, watu wa aina yetu, waliolipa akiba zao kwa mtu mwenye suti na kalamu.

Kuna kundi jingine linalosoma sifa hizi kwa upande wa pili kabisa. Hawa wako nje ya Kanada na wanaona kozi kama daraja la kuvukia: nikikubaliwa, nitapata viza ya masomo, nikimaliza nitapata kibali cha kazi. Kozi inasomwa mtandaoni. Kusoma kwa mtandao ukiwa nyumbani kwako hakuhitaji kibali cha masomo cha Kanada, na kwa hiyo hakukupi. Kibali cha kazi cha baada ya masomo nacho kimewekwa kwa watu waliosoma ndani ya Kanada, darasani kwa sehemu isiyopungua nusu. Na mwishoni kabisa kuna lile sharti la uraia au ukaazi, ambalo linaweza kumwacha mtu na cheti kizuri, alama nzuri, na pasipo leseni. Anayelipa ada ya kozi hii ili imhamishe ananunua kitu kisichouzwa pale.

Basi kwa ndugu zetu wa makundini, lugha sahihi si ngumu. Ukipata barua ya chuo, sema umekubaliwa kusoma. Ukimaliza masomo, sema umehitimu. Ukifaulu EPE, sema umefaulu mtihani. Cheo cha RCIC kinasubiri leseni, ambayo huja na namba ya uanachama inayoanza na herufi R, na hiyo ndiyo unayoiandika kwenye fomu IMM 5476 pale mteja anapokuteua rasmi kuwa mwakilishi wake. Naye mteja asione aibu kuiomba hiyo namba kabla ya kutoa chochote. Daftari la wenye leseni liko wazi kwenye tovuti ya College. Unaandika jina au namba, unaona leseni ni ya daraja gani na kama iko hai au imesimamishwa.