Je, wajua ndugu aliyepotea kwenye maafa ya ng'ambo hutafutwa na kutambuliwa vipi?

Tetemeko likipiga Uturuki au mafuriko yakifagia kijiji cha Kivu Kusini, huku Kigoma simu huanza kuita kabla taarifa ya habari haijaisha. Tuna watu kila upande: wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Uvira, Kalemie na Bujumbura, vijana walioko masomoni, kina dada wanaofanya kazi za ndani Uarabuni. Wengi wetu tunaamini kumtafuta aliyepotea ni kazi ya serikali ya kule, na sisi kilichobaki ni dua na kusubiri. Ukweli ni kwamba nusu ya taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu ziko nyumbani kwao, kwa mama yake, kwa mkewe, ndani ya sanduku lake la nguo. Zisipotoka huko, wataalamu wa kule wanabaki na nusu yao mkononi na haina pa kuunganishwa.

Kwanza hutafutwa walio hai, na hapo uvumi huumiza watu sana. Tarehe 6 Februari 2023 tetemeko la Uturuki lilimfukia Christian Atsu, mchezaji wa Ghana, ndani ya jengo aliloishi mjini Antakya. Siku iliyofuata zilienea habari kwamba ametolewa akiwa hai, na watu wakafurahi. Mwili wake ulikuja kupatikana kwenye kifusi tarehe 18. Kama mtu maarufu namna ile aliweza kutangaziwa uzima usiokuwepo, mtoto wa jirani yetu wa hapa Gungu atapona wapi na uvumi? Katika saa za mwanzo majeruhi hukimbizwa hospitali tofauti, wengine hawajitambui, na jina huandikwa kama mwokoaji alivyolisikia.

Ndiyo maana mtafutaji huuliza mambo mengi kuliko jina. Kwetu mtu huwa na jina la nyumbani, la shule na la pasipoti, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki hata jina moja. Fomu ya kumtafuta mtu huhitaji majina yake yote, majina ya baba na mama, mahali alipozaliwa, na mara ya mwisho alipatikana wapi na kwa njia gani. Jina la mama lina kazi kubwa hapa: watu kumi wanaweza kuitwa Juma Hamisi, lakini ni wachache mno waliozaliwa na mama mmoja.

Anayeshughulika na kazi hii kwa upana zaidi ni Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo ilianza Ulaya mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, kwa kufuatilia askari waliotekwa ili familia zao zipate habari. Leo mtandao wake umeenea karibu nchi zote, na watu wa Kasulu na Kibondo wanaujua vizuri kupitia makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu, ambako watu waliopotezana na ndugu zao vitani wametafutana kwa miaka mingi. Huduma ni bure kabisa. Akitokea mtu kwenye simu anadai pesa ili "afungue faili" la ndugu yako, mkatie. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: akipatikana hai, anwani yake haitolewi kwa familia mpaka yeye mwenyewe akubali.

Pamoja na hao, taarifa ipelekwe polisi na Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo huwasiliana na ubalozi wetu kule. Kwa waliopotelea ng'ambo ya ziwa tuna unafuu, kwa sababu Burundi na Kongo zote zina ubalozi mdogo hapa Kigoma mjini.

Sasa niseme lililo zito. Asipopatikana miongoni mwa walio hai, hutafutwa miongoni mwa miili. Na hapa watu huuliza: si aende ndugu mmoja akamtazame?

Kumtazama hakutoshi. Kwenye joto, uso hubadilika ndani ya siku chache hadi mzazi asimjue mwanawe, na mtu mwenye uchungu huona kile moyo wake unachokitafuta. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, Thailand pekee ilipoteza watu zaidi ya 5,000, wakiwemo wageni wengi, na baadhi ya miili iliyotolewa mwanzoni kwa kutazamwa tu ilikwenda kwa familia zisizo zake. Kosa la namna hiyo huumiza nyumba mbili: moja imezika asiye wake, nyingine haitampata wake kamwe.

Kwa hiyo Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ambalo lina mwongozo wa kazi hii tangu mwaka 1984, hutegemea mambo matatu kwanza: alama za vidole, meno na vinasaba (DNA). Nguo, pete, makovu na tatuu husaidia, ila peke yake havitoshi, maana koti huazimwa na pete huuzwa. Mafaili hujazwa mawili: la njano lina habari za mtu alipokuwa hai, zilizotoka kwa familia, la waridi lina yaliyoonekana kwenye mwili. Kisha wataalamu hukaa kuyalinganisha. Ni kazi ya wiki, wakati mwingine miezi, na ucheleweshaji huo ndio unaolinda heshima ya marehemu.

Faili letu la njano lina upungufu na lina nguvu. Meno hustahimili moto na maji kuliko kiungo kingine chochote, lakini wangapi kwetu wana faili kwa daktari wa meno? Wachache sana. Hapo picha ambayo amecheka meno yakaonekana, yenye pengo lake au jino lililopanda, inaweza kuwa na thamani kuliko picha ya studio aliyonuna. Kwenye vidole tuko vizuri zaidi, kwani aliyeandikishwa NIDA kwa kitambulisho cha taifa amechukuliwa alama zake. Mswaki, wembe au chanuo alichoacha nyumbani usivioshe wala kuvitupa, kwa kuwa vinasaba vyake viko hapo.

Kisha damu ya ndugu. Walio bora ni baba na mama waliomzaa, au watoto wake, kwa sababu kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake. Wazazi wakiwa wametangulia mbele ya haki, ndugu wa baba na mama mmoja hufaa, na wakiwa kadhaa ni vizuri zaidi. Iko pia aina ya vinasaba inayopita kwa mama peke yake, kwa hiyo mjomba na mama mdogo wanayo sawa na aliyepotea. Na kama aliyepotea ni mwanamume, iko inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, ambayo baba mdogo na baba mkubwa wanayo.

Hapa ukweli wa familia unahitajika wote. Kwetu baba mkubwa ni baba, mama mdogo ni mama, na mtoto wa kulea ni mtoto. Tumelelewa hivyo na ni jambo jema. Lakini maabara haisomi malezi. Ikiambiwa huyu ni baba mzazi kumbe ni baba mkubwa, majibu yatakataa na marehemu atabaki bila jina. Mwite mchukua taarifa pembeni umweleze. Hapa nchini upimaji wa vinasaba unasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na una sheria yake ya mwaka 2009.

Mnaweza kusikia pia kwamba miili imezikwa haraka kuzuia magonjwa, kama ilivyotokea Kalehe, Kivu Kusini, Mei 2023, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 400 na wengi wakazikwa makaburi ya pamoja. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba miili ya waliokufa kwa tetemeko au mafuriko kwa kawaida haileti mlipuko wa magonjwa. Muda wa kupiga picha, kuchukua sampuli na kuweka namba kaburini huwa upo. Pale muda huo usipotolewa, kuna mjane Ujiji asiyejua kama eda ya miezi minne na siku kumi imeanza, na watoto ambao mirathi yao haiwezi kufunguliwa.

Mwili uliozikwa kwa namba na sampuli yake kuhifadhiwa bado unaweza kupata jina miaka kadhaa baadaye, na ombi la kutafutwa mtu huweza kubaki wazi muda wote huo. Kinachokata njia mara nyingi ni simu: jibu linakuja, namba ya familia haipatikani. Andikisheni namba za watu wawili au watatu, mmoja wao awe mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa msikiti au kanisa lenu, na yeyote akibadilisha laini arudi ofisini kutoa namba mpya.