Plasta si tiba ya maskini

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba mfupa wa kifundo cha mkono ukivunjika hadi ndani ya kiungo ni lazima uwekewe chuma, na kwamba daktari anayefunga plasta amepima mfuko wa mgonjwa kabla ya kuupima mkono. Safari hii msemaji alikuwa kijana aliyemleta mama yake wa miaka 74, mchuuzi wa soko la Virunga hapa Goma, aliyeteleza juu ya mawe ya lava akaangukia kiganja. «Dokta, pesa tunayo,» aliniambia kabla sijaitazama radio, yaani picha ya eksirei.

Ufa ulifika kweli kwenye uso wa kiungo, lakini vipande havikuwa vimeachana. Kinachoamua tiba si kufika kwa ufa, bali ni umbali kati ya vipande, kama vinatulia au vinateleza, na mkono wenyewe ni wa nani. Kipande cha upande wa kiganja kilichoteleza pamoja na mifupa midogo ya kifundo hakishikwi na plasta. Hapo ni bamba, chuma kinachofungwa kwa skrubu juu ya mfupa, wala sibishani na mtu. Fiksata ya nje, fremu ya chuma inayoshikiliwa nje ya mkono kwa misumari iliyoingia mfupani, nayo huvuta vipande kupitia kano zilizoshikamana navyo, kwa hiyo kipande cha katikati kilichodidimia, ambacho hakina kano ya kukivuta, hubaki shimoni mpaka kiinuliwe kwa chombo.

Ugomvi uko kwenye milimita 2. Tunafundishwa kwamba ngazi ya kiasi hicho katika uso wa kiungo, yaani kipande kimoja kuwa juu na kingine chini, haivumiliki, na fundisho hilo limeegemea sana utafiti wa madaktari Knirk na Jupiter wa mwaka 1986, uliohusu mivunjiko 43 ya watu wazima vijana. Waliona kiungo kikichakaa kwenye picha. Lakini picha iliyochakaa na mkono unaouma ni mambo mawili, na Jupiter mwenyewe alirudi mwaka 2009 kuonyesha udhaifu wa kazi ile. Nikiri pia kwamba radio ileile naweza kuipima milimita 2 asubuhi na 1 jioni.

Mwaka 2014 Waingereza walilinganisha pini, vyuma vyembamba vinavyochomwa kupitia ngozi hadi mfupani, na bamba kwa watu wazima 461, na baada ya mwaka mmoja mikono ilifanya kazi sawa. Wapenda bamba hawapendi kuusikia utafiti huo, na wapenda pini, ambao hunichosha zaidi, husahau kwamba uliwaacha nje wagonjwa ambao uso wa kiungo chao haukuweza kurudishwa bila kupasua. Kwa wazee, watafiti wa Austria walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa bamba na plasta kwa wenye miaka 65 na zaidi: waliopasuliwa walishika kwa nguvu zaidi, lakini maumivu na mwendo wa kifundo baada ya mwaka havikutofautiana, nao ndio waliopata madhara mengi zaidi. Bamba likikaa mbele mno husugua kano inayokunja kidole gumba hadi ikatike.

Anayenikosesha usingizi ni motari, dereva wa teksi ya pikipiki, wa miaka 30 mwenye ngazi ya milimita moja na nusu, kwa sababu ana miaka mingi ya kuutumia mkono huo na hakuna kitabu kinachonijibu kwa uhakika. Mara nyingi humpasua, na mara nyingi sijui kama nimemsaidia.

Mama nimemfunga plasta, nikamwagiza avichezeshe vidole tangu siku ya kwanza. Wiki ijayo tutapiga radio nyingine, na kipande kikiwa kimeteleza nitabadili neno langu mbele ya mwanawe.