Ni kikosi gani kilichomchukua? Ulinzi wa kijeshi Lamu na mahali mafaili yanapofia

Kazi yangu ni kuandaa mafaili ya watu waliojeruhiwa, kushikwa au kupotea mikononi mwa askari hapa Lamu. Mafaili hayo yanapokufa, kwa kawaida hayafii mahakamani. Hufa siku mbili za mwanzo, kwa sababu hakuna aliyeandika ni kikosi gani kilichokuja, kilikuja na chombo gani na kilielekea wapi. Asubuhi jamaa huenda kituoni, wakaambiwa "hapa hayupo", na mara nyingi afisa anayewajibu hivyo anasema kweli.

Anasema kweli kwa sababu vikosi ni vingi, na hesabu ya watu ya 2019 ilikuta kaunti nzima ina wakazi 143,920 tu. Kuna polisi wa kawaida walio chini ya OCS, mkuu wa kituo. Kuna GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Kuna polisi wa utawala, ambao nao wamegawanywa: kitengo cha mpakani, cha dharura, cha kulinda miundombinu. Kuna DCI, idara ya upelelezi, na ndani yake ATPU, kitengo cha kupambana na ugaidi. Kuna polisi wa akiba, NPR, kwenye vijiji kama vya Basuba. Halafu kuna KDF, yaani jeshi la Kenya, wa nchi kavu na wa majini. Wengi waliletwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji jirani, Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, na baada ya Operesheni Linda Boni, ya kusaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, kuanza Septemba 2015. Operesheni hiyo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Amani Boni.

Mijadala ya Marekani kuhusu polisi kugeuzwa jeshi inasomwa sana hapa, lakini haitufai moja kwa moja. Kule polisi ni wa mji au wa kaunti, na malalamiko makubwa yamekuwa juu ya vifaa: mpango wa 1033, wa mwaka 1997, huwapa polisi wa mitaa bunduki na magari ya deraya yaliyozidi jeshini. Mjadala huo uliwaka baada ya ghasia za mji wa Ferguson, 2014. Kenya haina polisi wa kaunti. Gavana wa Lamu ana askari wa kanjo, yaani mgambo wa kaunti, basi. Polisi wote wanapokea amri Nairobi. Na huku hawakupewa vifaa vya vita tu. Waliwekwa pamoja na jeshi katika operesheni moja, kisha wakaachiwa na kazi za kila siku: kusimamisha boti, kukagua vitambulisho, kusaka bangi mitaani.

Deraya lenyewe sina ugomvi nalo. Kipande cha barabara cha Nyongoro hadi Milihoi kimetegwa mabomu na mabasi yameviziwa. Kumpandisha askari kwenye Land Cruiser ya turubai kusindikiza abiria huko ni kumtoa kafara. Gari lenye tumbo la umbo la V hupeleka nguvu ya mlipuko pembeni, na limeokoa watu. Ila bunduki ya G3 hurusha risasi ya milimita 7.62 iliyotengenezwa kufika mamia ya mita, na ukiiingiza kwenye kichochoro cha mtaa wa Langoni, mjini Lamu, ambacho punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, umefanya kosa kabla hata haijakokiwa.

Basi, ili kukitambua kikosi, tuanze na sare. Sare ya buluu iliyoletwa 2018 ni ya polisi wa kawaida, lakini mabaka mabaka si dalili ya jeshi: GSU huvaa mabaka, na polisi wa utawala pia. Usiandike "wanajeshi" kwa sababu ya mabaka. Andika rangi ya kofia, maandishi ya begani, aina ya buti, na kama walikuwapo wenye nguo za kiraia ndani ya kundi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka kila polisi aliyevaa sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Maafisa hulalamika kwamba jina linaweza kumfanya awindwe yeye na familia yake. Hofu hiyo naielewa, lakini sheria imekwisha kuijibu, maana namba peke yake inatosha. Tena wavamizi huku wamewahi kuvaa sare za kijeshi, kwa hiyo askari asiye na alama yoyote anamfanya mwanakijiji akimbie, na anayekimbia usiku hupigwa risasi.

Namba za gari zinasaidia bara. GK ni la serikali, na magari ya jeshi la nchi kavu huwa na herufi KA katikati ya tarakimu. Kwenye kisiwa cha Lamu hilo halina maana sana, kwa sababu mtu akikamatwa mjini hupitishwa gatini, na kutoka hapo ni boti. Hapa ndipo ninapopata ushahidi mzuri kuliko popote, na hapa ndipo watu wanapousahau. Mabaharia na wachukuzi wa gatini wameona. Waulizwe siku hiyo hiyo, kabla habari hazijachanganyika: boti ni ya nani, jina na namba ubavuni, rangi, mashine moja au mbili, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, na ilielekea Mokowe au Manda. Mokowe maana yake barabara, yaani Mpeketoni, Witu, Malindi, Mombasa. Manda kisiwani kuna uwanja wa ndege, na kwenye Ghuba ya Manda, upande wa bara, kuna kambi ya jeshi la majini. Jibu hilo moja linapunguza nusu ya mahali pa kutafuta.

Kituoni, usiulize kama yupo. Omba OB, yaani kitabu cha matukio. Kila anayeingizwa rumande lazima aandikwe kwenye kitabu hicho, na kila anayekuja kuripoti apewe namba, ambayo huwa na namba ya tukio ikifuatwa na tarehe. Sema: "Afande, nimekuja kuripoti kwamba fulani amechukuliwa na askari, naomba namba ya OB." Akijibu kwamba hawezi kuandika ripoti dhidi ya serikali, mwambie unaripoti mtu aliyepotea, hiyo hakatai kirahisi. Karatasi yenye namba ikishatoka, jamaa wana kitu cha kushika. Wasipoipata, waandike wenyewe saa, jina la kituo na namba ya afisa aliyekuwa zamu.

Kipengele cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiishia nje ya saa za mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kihalali kukaa mpaka Jumatatu, na jamaa wengi hupoteza nguvu zao Jumamosi wakigombana na kituo ambacho hakijavunja sheria. Kwa aliyeshikwa Faza, Kizingitini au Kiunga, utaambiwa boti haina mafuta au bahari imechafuka. Wakati wa kusi inaweza kuwa kweli. Hata hivyo sababu ya kuchelewa hupelekwa kwa hakimu, haimalizwi kaunta. Na bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya fedha hulipwa, na hutolewa risiti.

Kesi za ugaidi zina njia yake. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inairuhusu mahakama kumweka mshukiwa rumande siku 30, kisha kuongeza, mradi jumla isizidi siku 90. Maombi hayo mara nyingi hufanyika mbali na Lamu: Shanzu kule Mombasa, au Kahawa kule Nairobi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mikononi mwa sheria kabisa na OB ya Lamu isimjue. Kabla ya kumtangaza kuwa ametekwa, mwombe wakili apige simu kwenye masjala za mahakama hizo mbili. Ni kazi ya saa moja.

Asipopatikana kote, inabaki habeas corpus, yaani ombi la kutaka aliyeshikwa aletwe mbele ya jaji, katika Mahakama Kuu. Haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, Katiba imesema hivyo katika kipengele cha 25. Lakini ombi huanguka kwa urahisi: serikali hujibu "hatunaye", na jaji hawezi kuamuru mtu aletwe na asiyethibitishwa kuwa naye. Kinachoziba pengo ni hati za kiapo za watu wawili watatu walioona kwa macho, zenye saa, sare, boti na mwelekeo. Kiapo cha mama kwamba mwanawe ni kijana mwema hakisaidii chochote hapo, ingawa ndicho ninacholetewa kwanza karibu kila mara.

Na kama waliomchukua ni KDF? IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, haina mamlaka juu ya wanajeshi, wala juu ya askari wa wanyamapori. Lalamiko lililopelekwa huko kwa makosa hurudi, na wakati umekwenda. Kwa jeshi, njia ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu au Mahakama Kuu moja kwa moja. Katiba, kipengele cha 241, inaruhusu jeshi kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na kuripoti kwa Bunge; kurejesha amani mahali penye vurugu kunahitaji idhini ya Bunge la Taifa kwanza. Ukaguzi wa vitambulisho gatini hauonekani popote katika maneno hayo.

Penye kifo au jeraha la risasi, mambo huharibika kwa sababu ambayo watu hawapendi kuisikia. Sisi huzika haraka. Maiti ikitoka hospitali adhuhuri, alasiri imeshasaliwa. Bila uchunguzi wa maiti hakuna anayeweza kusema risasi iliingilia mgongoni au kifuani, kwa karibu au kwa mbali, na maelezo ya askari kwamba alishambuliwa hubaki bila kupingwa. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, na familia nyingi hukataa, nami siwalaumu. Kinachowezekana ni kuharakisha: jamaa mmoja abaki hospitali aombe uchunguzi kwa maandishi saa hiyo hiyo, mwingine apigie IPOA, namba 1559, bila malipo, na imamu aelezwe mapema kwa nini mazishi yatachelewa hadi kesho. Maimamu huelewa wakiambiwa mapema. Wakiambiwa maiti ikiwa tayari msikitini, hapana.

Sheria yenyewe haisubiri jamaa walalamike. Mkuu wa askari aliyefyatua risasi ikaua au kujeruhi vibaya anatakiwa airipoti IPOA yeye mwenyewe, alinde mahali pa tukio na awaarifu ndugu. Mtu akifia rumande, kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka hakimu afanye uchunguzi. Maganda ya risasi yasiokotwe. Wekeni sarafu karibu nayo, pigeni picha kwa mbali na kwa karibu, yabaki palepale. Ganda lililokaa mfukoni mwa kijana siku tatu halina thamani tena, hata awe mkweli vipi.

Aliyejeruhiwa aende hospitali kwanza, P3, fomu ya kuthibitisha majeraha, baadaye. Fomu hiyo hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Ukiogopa kituo kilichokuumiza, iombe kituo kingine. Karatasi za matibabu za siku ya kwanza ndizo daktari atakazotegemea akijaza.

Kafyu ni jambo la kurudiarudia hapa: 2014, tena Januari 2022 katika sehemu za bara kama Hindi, Witu na Mpeketoni, na kwa miaka kadhaa wavuvi walikatazwa bahari ya usiku. Anayeumia zaidi ni mvuvi wa karabai, maana samaki hufuata taa kwenye giza la mwezi, na giza halihamishiki kwenda mchana. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 8, inataka amri itaje eneo na saa, itangazwe kwa namna itakayowafikia wanaohusika, na inakubali kibali cha maandishi cha kuwa nje. Sharti la kibali hicho ni kwamba mwenye nacho abebe taa gizani. Mvuvi wa karabai anayo tayari! Kwa hiyo BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, isiombe kafyu iondolewe, maana hilo hukataliwa papo hapo; iombe vibali kwa orodha ya majina, namba za vitambulisho na namba za vyombo, na ibaki na nakala iliyopigwa muhuri. Neno la askari wa zamu kwamba "leo hakuna kwenda" bila amri iliyotangazwa si kafyu, ila ubishi huo usifanyike baharini usiku mbele ya bunduki. Rudi, andika saa, utabishana mchana.

Watu huniuliza kwa nini tusiyamalize haya kwenye vikao vya usalama. Sheria ya polisi iliunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti chini ya gavana au mwakilishi wake, yenye wajumbe wa wanawake, vijana, dini na biashara. Mikutano mnayoalikwa na kamishna wa kaunti ni kitu kingine. Pale wananchi ni wasikilizaji. Muulizeni MCA wenu, mwakilishi wa wadi, ile mamlaka iko wapi.

Mwisho ni muda. Kudai fidia ya kawaida dhidi ya serikali kwa kupigwa au kushikwa bila haki kuna kikomo cha miezi 12 tangu tukio, kwa Sheria ya Ukomo kwa Mamlaka za Umma. Kesi ya IPOA kuwa bado inachunguzwa haisimamishi saa hiyo. Ombi la kikatiba halina kikomo kama hicho, ingawa jaji atauliza mlikuwa wapi. Wakili asipofungua shauri kufikia mwezi wa tisa tangu tukio, mbadilisheni.