Namna chumba cha kompyuta kinavyoweza kuinua hesabu shuleni

Mwaka 2000 serikali ya jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, iligawa kompyuta nne kwa kila moja ya shule 100 za msingi za manispaa katika mji wa Vadodara. Miaka miwili baadaye shirika la elimu la Pratham lilifuatilia mashine hizo na kubaini kuwa ni chache sana zilizokuwa zikitumiwa na wanafunzi. Aliyewahi kukagua shule zetu hatashangaa, kwani chumba hufungwa kwa kufuli, funguo hukaa kwa mkuu wa shule, na mashine inayowashwa kila wiki ni ile ya kuchapia mitihani.

Kilichofuata Vadodara kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mpango ulijengwa juu ya mashine hizohizo. Kuanzia mwaka 2002 wanafunzi wa darasa la nne walipangiwa saa mbili kwa wiki, moja ndani ya muda wa masomo na nyingine kabla au baada yake, wakikaa wawili wawili mbele ya kompyuta moja. Walicheza michezo ya hesabu iliyofuata mtaala rasmi, na ugumu wa maswali ulipanda au kushuka kadiri mtoto alivyojibu. Wasimamizi walikuwa watu wa maeneo hayohayo waliopewa mafunzo mafupi. Hawakusimama mbele kufundisha darasa zima, bali walipita kwenye viti, wakimsaidia aliyekwama na kumhimiza aliyeng'ang'ania maswali mepesi asonge mbele.

Wachumi Abhijit Banerjee, Shawn Cole, Esther Duflo na Leigh Linden walichapisha matokeo mwaka 2007. Katika mwaka wa pili wa mpango, alama za hesabu zilipanda kwa 0.47 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Kwa lugha ya ripoti za shule, mwanafunzi anayeshika nafasi ya 50 kati ya 100 angesogea hadi nafasi ya 32 hivi. Katika somo la lugha hapakuwa na mabadiliko ya maana, jambo linaloeleweka, kwa kuwa michezo ilikuwa ya hesabu.

Siri haikuwa kioo cha kompyuta. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hulazimika kwenda kwa mwendo mmoja, na mtoto aliyefika darasa la nne bila kujua kugawanya hukaa tu akinakili ubaoni. Mchezo unaopima jibu lake na kumrudisha kwenye swali analoliweza humpa nafasi ya kurekebisha pengo hilo bila kuchekwa na wenzake, na humpa mazoezi mengi kuliko madaftari ambayo mwalimu angeweza kusahihisha kwa jioni moja.

Hata hivyo programu ya kompyuta ikiwekwa mahali pa mwalimu inaweza kudhuru. Utafiti wa Linden wa mwaka 2008, ambao pia ulifanyika Gujarat, katika shule za shirika la Gyan Shala, ulilinganisha njia mbili. Pale saa ya kompyuta ilipochukua nafasi ya sehemu ya masomo ya kawaida, alama zilishuka kwa 0.57 ya mkengeuko sanifu. Pale ilipoongezwa nje ya muda wa masomo, zilipanda kwa 0.28, na waliofaidika zaidi walikuwa wanafunzi dhaifu. Kwa maoni yangu, mwalimu mkuu anapaswa kuyajua matokeo haya kabla hajagusa ratiba.

Kuongeza mashine peke yake hakusaidii. Nchini Peru, tathmini ya shule 319 za vijijini iliyotolewa mwaka 2012 ilikuta kompyuta zimeongezeka kutoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi, lakini alama za hesabu na lugha hazikusogea. Nchini Kolombia mashine zilipelekwa kwa nia ya kusaidia ufundishaji wa somo la lugha, zikaishia kutumika zaidi kufundisha matumizi ya kompyuta yenyewe. Somo la kompyuta lina thamani yake, ila tusitarajie kwamba mtoto aliyejifunza kuandika barua kwa kompyuta atafaulu zaidi sehemu na desimali.

Tufanye hesabu ya shule yenye kompyuta 20. Wanafunzi wakikaa wawili wawili, kila kipindi kinahudumia 40. Vipindi vya dakika 40 vikiwa vinane kwa siku, wiki ya siku tano ina vipindi 40, na kila kundi likihitaji vitatu ili litimize saa mbili, chumba kimoja kinatosha makundi 13, yaani wanafunzi 520. Umeme utakatika na baadhi ya mashine zitaharibika. Hata ukipunguza theluthi moja, bado wanabaki zaidi ya 340. Upungufu mkubwa, basi, uko kwenye ratiba na kwenye msimamizi anayelipwa kukaa chumbani, hasa kabla ya vipindi vya asubuhi na baada ya vile vya mchana.

Kukosa intaneti si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja ya shule, na nyingine husoma kutoka kwake bila kifurushi cha data. Jambo la kuangalia kwa makini ni lugha: kwa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, chagua kwanza mazoezi yaliyo kwa Kiswahili, la sivyo mtoto atashindwa swali kwa kutoelewa maelezo wakati hesabu yenyewe anaijua.

Kamati za shule zinazopokea msaada wa kompyuta ziulize pia nani atalipa msimamizi na umeme mwaka wa pili na wa tatu. Vadodara ilionyesha sababu ya swali hilo: mwaka mmoja baada ya mpango kusitishwa, faida iliyokuwa imepatikana ilipungua hadi takriban 0.10 ya mkengeuko sanifu. Bajeti inayoishia kwenye ununuzi wa mashine na hafla ya makabidhiano irudishwe kwa mfadhili ili iongezewe mishahara, umeme wa LUKU na matengenezo.