Kuwa kama mtoto ukiwa mzee wa kanisa

Kuanzia Tukuyu hadi Makete, watoto wa shule ya Jumapili wanaujua Mathayo 18:3 kwa moyo: tusipoongoka na kuwa kama vitoto, hatutaingia katika ufalme wa mbinguni. Wanaohangaika na mstari huo ni wakubwa, hasa waliookoka siku nyingi, maana wamesikia mengi juu yake mimbarani na kwenye mikutano ya viwanjani. Mengine ni ya kupotosha.

Dhana: Mtoto haulizi, anaamini tu

Anayesema hivi hajapanda daladala ya Uyole kwenda Mwanjelwa akiwa na mtoto wa miaka minne. Mbona lori limesimama? Mbona mlima umejifunika? Yule kaka anampigia nani kelele? Na anamuuliza mama yake kwa sababu anamwamini. Mtu asiyemwamini hata salamu hampi.

Yesu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Paulo naye hakuzunguka alipowaandikia Wakorintho: "msiwe watoto katika akili zenu" (1 Kor 14:20). Kwa Waefeso akawaonya wasiwe watoto wachanga wa kuchukuliwa na kila upepo wa mafundisho. Dhana hii, kwa maoni yangu, inawafaa zaidi wenye kuuza chupa za mafuta ya upako: ukishaambiwa kuhoji ni roho ya uasi, bei huiulizi tena.

Nenda kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno. Ibada imekwisha, watu wamezunguka madebe ya viazi, mikungu ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Yai lililoletwa na mtoto linanunuliwa shilingi 500, aliyelinunua analirudisha mezani, linauzwa tena, mpaka linafika 10,000. Mwenye yai anauliza kwa sauti, "Hela hizo zitanunua nini?" Wakubwa wanacheka, mhazini anakohoa. Mimi naona swali hilo lina imani kuliko kicheko chetu.

Dhana: Mwenye imani ya mtoto hamezi dawa

Hapa watu wanakufa, kwa hiyo tusiongee kwa mafumbo. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe iliongoza Tanzania kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, na Iringa ikaifuata. Dawa za kufubaza zikimezwa kila siku, virusi hushuka hadi kipimo kisivione. Ukiziacha kwa sababu umeombewa, vinapanda tena, hata kama siku hiyo ulianguka chini na kushuhudia.

Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la Hezekia, naye akapona (2 Wafalme 20:7). Luka alikuwa tabibu. Ilembula, Ikonda na Isoko ni hospitali zilizoanzishwa na watu wa kanisa, wala hawakuwa wakimkana Mungu walipojenga wodi. Na mtoto mwenyewe, kwani hanywi dawa? Anakunja uso, anapiga mateke, lakini anameza kwa kuwa aliyeshika kijiko ni mama.

Dhana: Aliyekomaa hamlilii Mungu

Soma Zaburi ya 13, inayoanza kwa "hata lini". Kisha umsikie yule baba wa Marko 9:24 akisema anaamini na papo hapo akiomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe.

Dhana: Yesu alimsifu mtoto kwa sababu hana dhambi

Mwenye watoto wawili na andazi moja anajua jibu. Tusome kilichotangulia: wanafunzi walikuwa wanabishana nani mkubwa. Yesu akamsimamisha katikati yao mtu asiye na cheo chochote, akasema ajinyenyekezaye kama huyu ndiye mkuu. Basi maneno haya yanatugusa tulio na viti vya mbele, tunaonuna jina likirukwa kwenye utambulisho wa wageni, tunaotaka harambee isianze hadi tufike. Ukomavu unapimwa hapo kuliko kwenye wingi wa mistari tuliyokariri.

Dhana: Watoto ni kanisa la kesho

Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, huadhimisha tarehe 13 Agosti kukumbuka uamsho wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727. Siku chache baadaye uamsho uliwashika watoto wa kijiji hichohicho, na 17 Agosti ikabaki katika kalenda ya Wamoravian kuwa kumbukumbu yao. Lakini katika sharika zetu nyingi watoto bado hutolewa nje kabla ya mahubiri, wakubwa wapate kusikiliza vizuri.