Jina, Simu, Ujumbe: Fomu Inayowapotezea Mafundi Kazi

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii naona bora niandike. Fundi anayetaka tovuti anakuja na sharti lilelile: "Dada, fomu ya kuomba bei iwe fupi. Jina, simu, ujumbe, basi. Mteja hapendi maswali." Fundi AC anasema hivyo, fundi bomba anasema hivyo, fundi aluminiamu naye vivyo hivyo. Na wabunifu wenzangu wa tovuti wanaitikia, kwa sababu visanduku vitatu ni kazi ya muda mfupi na malipo ni yaleyale. Mimi siitikii.

Tuangalie kinachomfikia fundi. Simu inalia, anafungua: jina, namba, na ujumbe unaosema "AC haifanyi kazi naomba bei." Atajibu bei gani? Anapiga, mteja yuko kikaoni Posta hapa Dar es Salaam, hapokei. Anapiga jioni, mteja keshapata fundi mwingine. Au anapokelewa, na hapo ndipo maswali yanaanza: AC ngapi, haipozi au haiwaki kabisa, ipo ghorofa ya ngapi, wewe uko wapi. Ni maswali yaleyale ambayo fomu iliogopa kuyauliza, sasa yanaulizwa saa mbaya, kwa vocha ya fundi.

Mteja hajui fundi anahitaji kujua nini. Ukimwachia kisanduku kitupu kilichoandikwa "Ujumbe", umemtwisha kazi yako. Fundi nguo hamwambii mtu "nieleze mwili wako ulivyo". Anavuta tepu na kupima. Kinachomchosha mtu kwenye fomu ni swali ambalo jibu lake hana. Maswali saba ya kubonyeza tu, ambayo kila moja analijua jibu lake, anayamaliza akiwa kwenye foleni ya Ubungo. Swali moja la kutunga insha linamfanya afunge ukurasa.

Chukua fundi AC. Swali la kwanza: unahitaji nini? Nampa mteja vitufe kwa maneno anayoyatumia mwenyewe: kufunga mpya, sevisi, haipozi, inamwaga maji ndani, haiwaki, kuhamisha. Kila kitufe kinafungua maswali yake tu. Aliyebonyeza "inamwaga maji ndani" hana sababu ya kuulizwa ukubwa wa chumba. Mara nyingi bomba la kutolea maji limeziba kwa uchafu, na fundi anaweza kumtajia bei ya kuzibua na kufanya sevisi papo hapo. Aliyebonyeza "haipozi" hawezi kupewa bei kamili kwa mbali. Huenda chujio limejaa vumbi, huenda gesi imevuja, huenda kompresa imekufa, na gharama za hayo matatu hazikaribiani hata kidogo. Huyo aambiwe wazi kwamba fundi atakuja kukagua kwanza, na gharama ya ukaguzi iandikwe hapohapo. Aliyebonyeza "kufunga mpya" ndiye wa kuulizwa zaidi: chumba kina ukubwa gani, mashine ya nje itakaa wapi, ghorofa ya ngapi. Urefu wa bomba la shaba kati ya mashine ya ndani na ya nje unabadilisha bei, na kuning'iniza mashine ukutani ghorofa ya nne si sawa na kuiweka chini uani.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Kuna fomu zinazoandika "Ingiza BTU", yaani kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Mwenye nyumba wa Tegeta atajuaje kama AC yake ni 12,000 au 18,000? Mwombe picha ya stika iliyobandikwa kwenye mashine. Hapo fundi atasoma ukubwa, modeli na aina ya gesi. Akijua mapema kwamba ni R22, wala si R410A au R32, anatoka na mtungi sahihi badala ya kukimbilia Kariakoo katikati ya kazi.

Lakini picha isiwe lazima. Watu wengi wanajaza fomu wakiwa ofisini na AC iko nyumbani. Usilazimishe kamera ifunguke moja kwa moja pia, maana kwenye simu nyingi mtu anashindwa kuchagua picha aliyoipiga jana. Na picha ipunguzwe ukubwa ndani ya simu yake kabla ya kupakiwa mtandaoni. Picha ya simu za sasa inafika megabaiti kadhaa, na bando linaloliwa ni la mteja.

Sasa namba ya simu. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wateja wanapopotea bila mtu yeyote kujua. Mbunifu anajua namba zetu zina tarakimu kumi, basi anaweka ukomo wa herufi kumi. Simu ya mteja inajaza yenyewe namba iliyohifadhiwa, au yeye anaibandika, na mara nyingi inaanza na +255. Hiyo ni herufi kumi na tatu. Ukomo unafanya kazi yake: namba hiyo inakatwa tarakimu tatu za mwisho kimyakimya, mteja anabonyeza tuma, anaona "Asante", na fundi anabaki na namba isiyompeleka kwa mtu. Mteja anakaa akisubiri simu. Baada ya siku mbili anawaambia jirani zake kwamba yule fundi hajali. Nani atakwenda kumweleza kuwa kosa lilikuwa la kisanduku?

Wengine wanakataa nafasi. Mtu ameandika namba yake kwa mafungu ya tatu, kama anavyoisoma siku zote, anapigwa maandishi mekundu "Namba si sahihi". Namba ni sahihi! Kuondoa nafasi, mabano na vistari ni kazi ya kompyuta, mstari mmoja wa msimbo wa programu. Pokea 07, pokea 06, pokea 255 yenye alama ya kujumlisha na isiyo nayo, halafu zigeuze zote ziwe na umbo moja upande wako. Ukizipeleka kwenye Excel, zihifadhi kama maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itatoweka. Wala usikatae namba za nje. Kuna watu wanaojenga Goba na Madale huku wanaishi Dubai au Uingereza, na hao ndio wanaohitaji fomu kuliko mtu yeyote, kwa sababu hawawezi kupita dukani kwako. Kwa ajili yao naongeza swali moja la hiari: nani atakuwepo nyumbani, na namba yake. Anaweza kuwa mlinzi, dada wa kazi, au shemeji. Bila hilo fundi anafika, anagonga geti mpaka anachoka.

Kuhusu mahali, orodha ya kuchagua wilaya haina msaada. Na jina la eneo peke yake halitoshi: mtu akiandika "Mbezi", je, ni Mbezi Beach, barabara ya Bagamoyo, au Mbezi ya barabara ya Morogoro iliko stendi ya Magufuli? Ni safari mbili tofauti kabisa. Uliza eneo, kisha alama ya karibu: kituo cha daladala, shule, msikiti, baa. Ndivyo tunavyoelekezana mjini hapa, na fundi anaelewa mara moja. Akiona Kigamboni, anajua kuweka pantoni au tozo ya daraja la Nyerere kwenye hesabu ya usafiri tangu mwanzo, badala ya kuja kuidai mlangoni na kuanza ugomvi.

Mengine kwa haraka. Barua pepe iwe hiari. Kampuni zitaijaza kwa sababu zinataka kotesheni kwenye karatasi yenye nembo. Maandishi ndani ya visanduku yasipungue pikseli 16, la sivyo iPhone inakuza ukurasa yenyewe na mteja anapotea. Jina la kisanduku likae juu yake; likikaa ndani linafutika anapoanza kuandika. Na kile kisanduku cha maelezo kibaki, mwishoni kabisa, kwa mwenye neno la kuongeza.

Kuna swali moja ambalo bado linanisumbua: bajeti. Vitabu vinasema uliza, utawachuja wasio na uwezo. Kwa fundi wa makabati ya jikoni naona inasaidia, kwa sababu bei za mbao, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) na marumaru zinatofautiana mno. Lakini wateja wetu wengi wakiona swali la bajeti wanahisi wanapimwa ili bei ipandishwe kulingana na mfuko, na siwezi kusema wanakosea, maana wapo mafundi wanaofanya hivyo. Wengine wanaandika kiasi kidogo makusudi, na fundi anamwacha mteja mzuri. Siku hizi naweka viwango vitatu vya kazi, vyenye picha na bei ya kuanzia, mteja achague. Sina hakika kama ndiyo njia bora kwa kila fani. Kwa paa linalovuja wakati wa masika siulizi kabisa. Mtu anataka maji yasimwagikie kitanda.

Usikusanye usichokihitaji. Namba ya kitambulisho, umri na kazi ya mteja vya nini kwenye kuzibua sinki? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na fundi mwenye tovuti naye inamhusu.

Mwisho ni WhatsApp, kwa sababu najua mtaniuliza. "Si tuweke kitufe cha WhatsApp tu, fomu ya nini?" Kitufe kitupu kinaturudisha kwenye "naomba bei". Ninachofanya ni hiki: mteja anajibu maswali, majibu yanahifadhiwa kwanza, ndipo WhatsApp inafunguka ikiwa na ujumbe uliokwisha kupangwa: kazi gani, ngapi, wapi, ghorofa ya ngapi. Yeye anabonyeza kutuma tu. Asipotuma, fundi bado anayo namba na maelezo ya kutosha kutaja bei, au kupanga ukaguzi, anapompigia. Kiungo cha wa.me, ndicho kinachofungua WhatsApp, kinataka namba ya fundi ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri, kwa hiyo kijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujakabidhi tovuti.