Aliyeugua Akiwa Mdogo: Dhana Potofu Kuhusu Lishe, Kimo na Kubalehe

"Mtoto anayeharisha apumzishwe tumbo."

Hakuna tumbo linalopumzika kwa njaa. Utumbo unaoharisha bado unafyonza sehemu kubwa ya chakula, na mtoto anayenyimwa siku mbili tatu kila anapougua hufika mwaka wa pili akiwa na pengo la kimo ambalo hakuna aliyeliona likichimbika. Anyonye kama kawaida, apewe maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kila baada ya choo, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita). Chakula kiwe kile alichokizoea, kidogo kidogo, mara nyingi. Kuharisha kukikoma, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Watu hurudi kwenye ratiba ya zamani pale pale hamu ya kula inapofunguka, yaani wakati mwili uko tayari kufidia ulichopoteza.

"Ameshanenepa, basi amepona."

Uzito hutangulia, kimo hufuata. Mwili wenye njaa hupunguza IGF-1, kichocheo kinachoiamuru mifupa irefuke, hata kama homoni ya ukuaji yenyewe imejaa kwenye damu. Kwa hiyo mashavu yanaweza kujaa leo na mifupa ikangoja wiki kadhaa, hata miezi. Tena si kila kinachonenepesha kinarefusha. Mafuta na sukari vikizidi, mtoto huweka mafuta. Misuli na mifupa vinadai protini, zinki, fosforasi, potasiamu na magnesi kwa pamoja. Ukosefu wa madini ya chuma utauona kwenye viganja vilivyopauka. Wa zinki mara nyingi hauna alama: mtoto anaacha kukua tu.

Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi. Chini ya miaka miwili, mtoto hupimwa amelala kwenye ubao, mtu mmoja akishika kichwa, mwingine akinyoosha magoti. Kuanzia miaka miwili hupimwa amesimama bila viatu. Vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa takriban sentimita 0.7, kwa hiyo mtoto aliyepimwa amelala kliniki iliyopita na amesimama safari hii anaweza kuonekana amefupika. Mkanda wa mkono nao hutafuta ukondefu: chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Mdumavu, yaani mtoto mfupi kuliko umri wake, anaweza kusoma kijani, rangi ya usalama kwenye mkanda huo, bila shida yoyote.

"Unga wa lishe ukiwa na nafaka nyingi ndio bora."

Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano na mchele ni kundi moja la chakula hata ukizisaga zote kwenye mashine moja. Kuziongeza hakuongezi zinki inayofika mwilini, kwa sababu nafaka na mikunde zina fitati, inayoishika zinki na chuma visifyonzwe. Soya na maharage yakisagwa bila kuchemshwa au kukaangwa vizuri huzuia umeng'enyaji wa protini. Mahindi au karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, na ukishazisaga pamoja huwezi tena kuichambua iliyoharibika. Nafaka moja safi inatosha. Dagaa waliosagwa, yai, maziwa au maharage yaliyopondwa viingie wakati wa kupika au kula.

Kosa kubwa zaidi ni maji. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, hivyo wa kilo 8 hushiba kwa mililita 240. Uji mwepesi wa unga na maji matupu utampa pungufu ya kilokalori 100 kwa ujazo huo. Kijiko cha chai cha mafuta huongeza kama 40. Kama uji mzito haumezeki, tumia kimea: pika uji mzito, uache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi, nao utalegea bila kuongezwa maji. Usikitie ukiwa unatokota, maana moto huharibu vimeng'enya vyake. Ukishalegea, uchemshe tena kuua vijidudu. Ukiotesha mtama badala ya ulezi, pukuchua na utupe machipukizi na vimizizi vyote, kwani vina sumu ya sianidi.

"Udogo ni wa muda, akibalehe atafidia."

Kwa kiasi kidogo. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya Guatemala kuanzia 1969 hadi 1977 ulionyesha kwamba kinywaji chenye protini na nishati kiliongeza kimo cha watoto hadi umri wa takriban miaka mitatu; baada ya hapo hakukuwa na faida ya maana. Kubalehe humwongezea msichana kama sentimita 20 hadi 25 na mvulana 25 hadi 30, lakini juu ya pale alipo. Msichana akishavunja ungo hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu.

Anayeendelea kukosa chakula cha kutosha huchelewa kubalehe, na mifupa yake hukua kwa miaka zaidi kabla ya kufunga. Aliyedumaa kisha akalishwa kwa wingi ghafla anaweza kupata kinyume chake. Wasichana waliotolewa India na kulelewa Sweden walirefuka haraka mwanzoni, kisha wengi wakavunja ungo mapema na kubaki wafupi. Si sababu ya kumnyima mtoto chakula. Ni sababu ya kutomjaza soda na chipsi akiwa na miaka saba kwa jina la kufidia.

"Kuku wa kisasa ndio wanaowabalehesha watoto mapema."

Kuku hao hukua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula, hawachomwi homoni. Kinachoharakisha kubalehe kwa wasichana ni mafuta ya mwilini, yanayotoa leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo.

"Kuchelewa kubalehe ni kurogwa."

Selimundu, VVU visivyodhibitiwa na magonjwa sugu ya utumbo huchelewesha, maana mwili unatumia nishati nyingi au haufyonzi. Apelekwe kwa daktari msichana asiye na dalili ya matiti akifika miaka 13 au asiyepata hedhi akifika 15, na mvulana ambaye korodani hazijaanza kukua akifika 14. Waliowahi sana nao wapelekwe: msichana kabla ya miaka 8, mvulana kabla ya 9. Nendeni na kadi ya kliniki ya utotoni hata kama imechakaa. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto itaonyesha umri wa mifupa, na mstari wa kwenye kadi utaonyesha ukuaji ulisimama lini.